Range kwa bei ya Harrier

Tarehe 26 Desemba asubuhi, ukipita barabara za juu za Kibosho, utayaona magari yaliyotoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani. Land Cruiser VX zimeegeshwa migombani, Toyota Harrier zimejaa vumbi mpaka kwenye vioo, na hapa na pale kuna Discovery au Range Rover iliyolala. Imeshuka kona zote nne, matairi yamemezwa na bodi, kama ng'ombe aliyekaa kucheua. Jana yake ilipanda mlima bila shida. Mwenye gari yuko pembeni na simu sikioni, anaongea na fundi aliye Kinondoni, huku mashemeji wakimshauri kwa zamu.

"Mangi, hili si walisema ni gari la porini?"

Ni la porini kweli, na ukilipata likiwa zima hakuna gari tamu kama hilo kwenye mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu. Shida ni kwamba tunalinunua kwa hesabu ya gari jingine. Hesabu hiyo ndiyo nataka tuifungue hapa, kwa mifano zaidi ya Discovery 3 na Range Rover Sport za kwanza, zote za Land Rover, kwa sababu ndizo naona watu wa Arusha na Moshi wanazitamani wakiwa na pesa ya Harrier, ile ya umbo tunaloliita tako la nyani, mfukoni.

Discovery 3 ilitoka kiwandani 2004, Range Rover Sport ikafuata 2005. Mpya, huko Uingereza, matoleo ya juu yalipita pauni 40,000. Leo huko huko Discovery 3 ya miaka ile inapatikana kwa pauni 2,000 hadi 4,000. Usukani uko kulia kama wetu, viti vya ngozi, paa la kioo. Ukiongeza meli, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa na ile nyongeza ya uchakavu, bei inapanda sana, hasa kwa kuwa mamlaka ya mapato, TRA, hukadiria kwa mfumo wake wa thamani na wala si kwa risiti ya bei chee uliyoipata. Hata hivyo bado mtu anaona amepata Range kwa bei ya Harrier, anajiuliza wenye Harrier wana akili gani.

Gari likishuka bei, spea zake hazishuki nalo. Kompresa ya upepo iliyotengenezewa gari la pauni 40,000 bado inauzwa kama kompresa ya gari la pauni 40,000, hata kama wewe umelinunua kwa 3,000. Mzungu aliyekuuzia anazijua hesabu hizo. Mara nyingi ameuza baada ya gereji kumpa makadirio ya matengenezo yanayozidi thamani ya gari zima. Anachokuuzia ni gari pamoja na yale makadirio, ila karatasi yake kabaki nayo.

Tuanze na kulala, maana ndilo gonjwa linaloonekana hata na mpita njia. Ukiacha matoleo machache ya chini ya Discovery 3, magari haya hayana springi za chuma. Kila gurudumu limebebwa na mfuko wa mpira uliojaa upepo. Kompresa ndogo ya umeme, iliyofungwa chini ya gari inakokula vumbi na matope, hujaza upepo kwenye tangi. Vali huugawa upepo huo kwa kila kona, na sensa za kimo huiambia kompyuta kona ipi imeshuka.

Mpira huchakaa. Baada ya miaka kadhaa unafanya nyufa nyembamba kwenye mikunjo, na upepo unavuja kidogo kidogo. Kompresa imeundwa ifanye kazi dakika chache kisha ipumzike. Sasa haipumziki, inafidia uvujaji. Inapata moto, ringi ya pistoni yake inaisha, na ile dawa ya kukausha unyevu iliyo ndani yake inageuka unga na kuziba vali. Taa inawaka, gari linashuka. Unaambiwa kompresa imekufa, na ni kweli imekufa. Usichoambiwa ni nani kaiua.

Jirani yangu hapa Sakina alifunga kompresa mbili ndani ya mwaka mmoja. Ya tatu ikiwa njiani kutoka Nairobi, kijana mmoja anayesaidia kwenye gereji nyingine kabisa alikuja na chupa ya maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, akapulizia mifuko yote minne, akasubiri. Mfuko wa mbele kulia ukatoa povu. Kazi nzima haikufika nusu saa. Jirani alikaa kwenye tofali, akakokotoa kwenye simu pesa aliyokuwa ameshatumia, akaifunika simu bila kusema kiasi.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya mafundi wasiolijua gari hili. Likiegeshwa, kompyuta yake huamka yenyewe baada ya saa kadhaa kukagua usawa. Ikikuta kona moja imeshuka, inazishusha nyingine tatu zilingane nayo. Asubuhi unakuta gari lote liko chini, unadhani mifuko yote imekwisha, unaagiza minne. Ukitaka kumjua mkosaji, egesha sehemu ya usawa, pima kwa futi toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi kila kona, kisha fungua waya wa betri. Asubuhi pima tena. Kona inayovuja itakuwa imeshuka peke yake.

Bei zake? Nikikadiria pauni moja kwa Sh3,300, kompresa nzuri ya kampuni inayokitengenezea kiwanda, kama AMK, huuzwa Uingereza kwa kati ya pauni 350 na 550. Hiyo ni Sh1.2 milioni hadi Sh1.8 milioni kabla ya usafiri na ushuru. Mfuko mmoja wa upepo wa jina lisilojulikana unaweza kuupata kwa pauni 100 na kitu, na wa kampuni inayoheshimika unaweza kupita 300. Zidisha kwa nne. Hapo hujagusa injini.

Wengi huishia kuvua upepo na kufunga springi za kawaida. Wapenzi wa magari haya wanaona ni dhambi, mimi sioni hivyo. Unapoteza kupanda na kushuka kwa gari, na kompyuta italalamika kwa taa usipofunga kifaa cha kuituliza, lakini kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni Arusha hadi Mwika mara nne kwa mwaka, springi ni jibu la kiutu uzima. Ninachokataa ni kufunga springi za gari jingine zilizokatwa kwa msumeno. Gari lina uzito wa tani mbili na nusu, na kwenye mteremko utajua hujui.

Hapa kuna jambo la gharama ambalo ukisoma bei za Ulaya peke yake hulioni. Kule, sehemu kubwa ya bili ni ufundi. Gereji ya kujitegemea inaweza kutoza pauni 70 hadi 100 kwa saa moja. Kwetu pesa hiyo humlipa fundi siku kadhaa. Kwa hiyo kazi zinazowatisha Waingereza kwa sababu ya saa nyingi, kwetu si za kutisha hivyo. Mfano maarufu ni tabo (turbo) ya Discovery ya dizeli. Imejificha sana hivi kwamba mafundi wengi wa kule hufungua bolti na kuinyanyua bodi yote kutoka kwenye chesisi ili waifikie. Hiyo ni siku mbili tatu za kazi. Arusha, ukiwa na winchi ya mnyororo, boriti imara na vijana wanne waangalifu, ufundi wake si sehemu inayouma. Kinachouma ni tabo yenyewe. Kanuni ninayoitumia mimi: ugonjwa wa masaa usikukimbize, ugonjwa wa spea uogope.

Injini sasa. Dizeli ya lita 2.7, V6, iliyoko kwenye Discovery 3 na Sport za mwanzo, ina taimingi belti mbili: ya mbele inayojulikana, na ndogo ya nyuma inayozungusha pampu ya dizeli yenye mgandamizo mkubwa. Nimeona magari yaliyobadilishwa ya mbele tu kwa sababu fundi hakujua kuna ya nyuma. Muda wa kubadili uliotajwa na kiwanda kwa matumizi ya kawaida ni takribani kilomita 168,000 au miaka 7, kimojawapo kikitangulia. Gari la 2006 ambalo halina karatasi ya kubadilishiwa belti lihesabu kuwa halijabadilishwa, hata kama dashibodi inasoma kilomita 90,000. Belti ikikatika vali zinagonga pistoni, na hapo hupangi tena matengenezo, unapanga mazishi. Wakati belti ya mbele iko nje, angalia na pampu ya oili: kwenye injini za mwanzo, mahali pa kufungia kikaza belti kwenye kava la pampu hiyo palikuwa dhaifu na pakaweza kuvunjika, kikaza kikaruka na belti nayo. Pampu iliyoboreshwa ipo, na ni ujinga kufunga belti mpya ukaacha pampu ya zamani.

Ugonjwa mzito zaidi ni kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Injini hizi za 2.7, na ndugu zao wa lita 3.0 waliofuata kuanzia 2009, zimejijengea sifa mbaya ya metali zinazoibeba kranki kuzunguka mahali pake na kranki kukatika, wakati mwingine gari likiwa kwenye mwendo mzuri bila dalili yoyote. Watu bado wanabishana kuhusu chanzo, lakini mafundi wenye uzoefu nazo wanakubaliana kwenye jambo moja: usisubiri muda mrefu wa kubadili oili ulioandikwa kwenye kitabu. Kule Ulaya kiliruhusu kilomita 24,000. Kwa vumbi la Makuyuni na foleni ya Sanawari, badili kwenye nusu ya hapo au kabla, kwa oili ya daraja linalotakiwa. Injini ikinoki, kuijenga upya au kubadili kwa wataalamu wa Uingereza ni pauni 4,000 hadi 8,000. Ni Sh13 milioni hadi 26 milioni. Wengi wetu hapo gari linapanda juu ya mawe, kuku wanahamia.

Kwenye dizeli mpya zaidi kuna chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa kwenye mwendo mrefu wenye joto. Gari linaloenda Njiro na kurudi mjini kila siku halifikii joto hilo, chujio linajaa, na dizeli iliyokusudiwa kuchoma masizi inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mafuta yetu nayo hayasaidii: kiwango cha Afrika Mashariki kwa miaka mingi kimeruhusu salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, Ulaya ni 10. Ukiwa na gari hilo, tafuta sababu ya kwenda Moshi walau mara moja kwa wiki mbili. Kilomita 80 za mwendo wa kutulia kupita Usa River na Boma Ng'ombe ni dawa, na nyama choma ya njiani ni ziada.

Giaboksi ni jambo la kufurahisha kidogo. Otomatiki ya gia sita kwenye magari haya imetengenezwa na ZF ya Ujerumani, na familia hiyo hiyo ya giaboksi iko kwenye BMW X5 na Audi A8 za miaka hiyo. Muuzaji atakuambia oili yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000 au baada ya miaka 8. Sampu yake, lile bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na chujio limo humo humo, kwa hiyo unabadili sampu nzima. Seti ya sampu na oili ni pauni 200 hadi 300. Gari linaloshtuka likiingia gia ya pili, au linalotetemeka kidogo kwenye mwendo wa 60 kama limepita kwenye matuta, wakati mwingine hupona kwa hilo tu. Na ukiagiza, agiza boksi lililoandikwa ZF badala ya lililoandikwa jina la gari. Kitu ni kile kile, kilichobadilika ni karatasi na bei. Fanya hivyo pia kwa bushi na mikono ya chini ya mbele, ambayo kwa uzito wa gari hili huisha mapema. Utaijua kwa tairi linaloliwa upande wa ndani.

Umeme unawaogopesha watu kuliko unavyostahili. Betri iliyochoka kwenye gari hili huwasha taa za breki, gia na upepo kwa pamoja, kama mti wa Krismasi. Kabla ya kununua sensa yoyote, pima betri na altaneta. Kwa nusu ya taa nilizozishuhudia zikiwaka, ugonjwa ulikuwa hapo. Breki ya mkono ya umeme ni habari nyingine: vumbi linaingia kwenye ngoma zake za nyuma, breki inaanza kulia kama chuma kinachosagwa, na mwisho inagoma. Kufungua, kusafisha na kurekebisha kila mwaka ni kazi ndogo. Kuacha mpaka moduli yake ivunjike si ndogo.

Maji ya injini nayaandikia kwa sababu ya mazoea yetu. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu hapa huchemka karibu na nyuzi 95. Yanayoyazuia kuchemka ndani ya injini ni koolanti na mgandamizo unaotunzwa na kifuniko. Fundi anayetoa themostati "ili gari lipoe" na kujaza maji ya bomba anatibu Land Cruiser ya 1985. Kwenye gari la kompyuta, injini isiyofika joto lake inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na maji matupu yanaozesha alumini. Plastiki nazo zinazeeka: petroli ya V8 ya lita 5.0 iliyoingia 2009 ina mabomba ya plastiki ya maji yanayopasuka, na vikaza vya taimingi cheni vinavyochakaa. Ukisikia mlio wa mnyororo asubuhi injini ikiwa baridi, ondoka. V8 ya zamani ya lita 4.4 ni ngumu zaidi, ila mafuta inayokunywa utayaona.

Wajerumani hawajasalimika. Porsche Cayenne V8 za kwanza zina mabomba ya maji ya plastiki chini ya manifodi, na dawa yake inayojulikana ni ya alumini. X5 zenye V8 za miaka ya kati ya 2000 hutoa moshi wa buluu zikisimama kwenye taa kwa sababu sili za vali zimekauka. Mercedes ML 350 za mwanzo za umbo la 2005 zina gia ya shafti ya mizani inayoliwa, na kuifikia ni kushusha injini. Hata Toyota wana lao: injini ya lita 2.4 kwenye baadhi ya Harrier huweza kupoteza uzi wa bolti za silinda hedi na kuanza kuchemsha. Tofauti ni kwamba ugonjwa wa Harrier unatibika kwa spea za mtaa huu huu, na kila gereji ina mtu aliyewahi kuutibu.

Sisi tuna mafundi wazuri kuliko tunavyowasifu. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwa ajili ya tamasha, na nyingi ya zile za zamani zilifika kwa magurudumu yake kwa sababu kuna wazee na vijana hapa wanaoifungua 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover za zamani, macho yakiwa kwingine. Waliosomea Land Cruiser za watalii, zenye injini ya 1HZ isiyo na kompyuta, ni hao hao. Lakini ustadi huo ni wa sikio na mkono. Discovery 3 inataka pia mashine ya kupimia inayozungumza na moduli zake zote, si ile ndogo inayosoma injini tu. Fundi asiye nayo anabahatisha, na kila bahati nasibu unalipia wewe. Nauliza swali moja kabla sijaacha funguo: "Mashine yako inasoma suspensheni ya upepo?" Akianza kueleza anavyoijua Land Rover tangu utoto, nachukua funguo.

Spea zenyewe zinatoka mbali. Za Toyota utazipata kabla chai haijapoa. Za hizi, simu inaenda Gerezani kule Kariakoo, au Nairobi zikapita Namanga na basi, au Sharjah kule Uarabuni zinakouzwa za mtumba zilizovuliwa kwenye magari ya ajali. Ya mtumba inafaa kwa mlango, taa au difu. Kwa kompresa, mifuko ya upepo na pampu za maji unanunua kifo cha mtu mwingine kilichoahirishwa.

Ukiwa bado unalitaka, na sitakulaumu, nenda kuliona asubuhi kabla halijawashwa. Mwenye gari akikupokea injini tayari ina moto, mwambie utarudi kesho. Pandisha suspensheni hadi juu kabisa na uhesabu muda. Ingia chini: yaliyotoka Uingereza hula kutu kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na mabomba ya breki ndiyo huanza. Gari la mgeni anayeondoka Arusha linaweza kuwa zuri kuliko yote, maana lina kumbukumbu za matengenezo, ila uliza kama liliingia kwa msamaha wa ushuru. Deni hilo likiibuka wakati wa kubadilisha kadi, ni lako. Kisha chukua angalau theluthi ya bei uliyonunulia, uiweke benki kwa jina la gari. Ukikosa hiyo theluthi, hujalimudu gari, umemudu safari ya kulileta tu.

Jirani yangu mwishowe alifunga springi pale Unga Limited. Kifaa cha kutuliza kompyuta alikiona ghali, kwa hiyo taa ya njano ya suspensheni bado inawaka. Ameibandika kipande cha gundi nyeusi ya fundi umeme, na Desemba iliyopita alipanda nalo hadi Kibosho.